Anakula lakini hakui: Jinsi utumbo wa mtoto unavyoumia kimyakimya

KATIKA maboma mengi ya Kanduyi, Kaunti ya Bungoma, ulimwengu wa mtoto mdogo ni ua wa nyumbani. Mama anapopepeta mahindi au kuchambua murere, mtoto wa miezi tisa hutambaa pembeni, kuku wakipita mbele yake na ndama akiwa amefungwa mtini hatua chache kutoka hapo. Mtoto huokota kijiti akakitia kinywani, kisha hugusa udongo na kulamba vidole. Hakuna anayeshtuka, kwa kuwa kila mtoto kijijini amelelewa hivyo. Jioni hunywa uji akashiba, akalala.

Siku ya kliniki inapowadia, mhudumu humlaza kwenye ubao wa kupimia urefu na kutia alama katika kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Alama hiyo huwa chini ya mahali inapotarajiwa. Mama hushangaa. Mtoto hajaharisha mwezi mzima, hana homa, na chakula anakula. Mbona basi hakui?

Kwa miaka mingi swali hili lilijibiwa kwa njia mbili: ama chakula hakitoshi, ama mtoto ana minyoo. Majibu hayo yangali na ukweli mwingi. Hata hivyo, wataalamu wa afya sasa wanafahamu kuwa kuna jibu la tatu, nalo limejificha katika ukuta wa utumbo wenyewe. Ukuta huo waweza kuumia siku baada ya siku pasipo maumivu wala dalili yoyote ya wazi. Aidha, mojawapo ya tafiti kubwa zaidi duniani kuhusu jambo hili ilifanyika katika vijiji vya Bungoma na kaunti jirani za Kakamega na Vihiga.

Ukuta mwembamba, kazi mbili

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa takriban mita 6, na utumbo mpana kama mita moja na nusu. Lakini urefu huo hauelezi ukubwa halisi wa kiungo hiki. Upande wa ndani wa utumbo mwembamba haukunyooka kama mpira wa kunyunyizia maji. Umejaa mikunjo, na juu ya mikunjo hiyo kumeota vijidole vidogo mno, mfano wa nyuzi za taulo. Iwapo utando wote wa ndani ungekunjuliwa na kutandazwa chini, ungefunika takriban mita 30 za mraba, yaani kiasi cha nusu ya sakafu ya darasa la kawaida.

Eneo hilo lote limefunikwa kwa safu moja tu ya seli. Safu hiyo imepewa kazi mbili zinazokinzana. Kwanza, ni lazima iruhusu chakula kilichosagwa, maji na madini kupita hadi kwenye damu. Pili, ni lazima izuie viini, sumu na uchafu visipite. Yafanana na bawabu wa lango la soko ambaye hana budi kuwapisha wafanyabiashara wote na papo hapo kumzuia kila mwizi.

Ili kuitekeleza kazi hiyo, seli hizo zimeshikamana ubavu kwa ubavu kana kwamba zimegandishwa kwa gundi. Juu yake kuna ute mzito ambao huwazuia bakteria wasizikaribie. Chini yake kuna jeshi la kinga ya mwili, ambalo limeweka sehemu kubwa ya askari wake kwenye utumbo kuliko mahali pengine popote mwilini.

Seli za utando huu haziishi muda mrefu. Huzaliwa chini ya vijidole, hupanda polepole hadi kileleni, kisha hufa na kumwagika. Kwa kawaida safari hiyo huchukua kati ya siku tatu na tano, kumaanisha kuwa utando wa leo si ule wa wiki iliyopita. Hii ni habari njema na pia ni onyo. Ni njema kwa sababu utumbo ulioumia huweza kupona upesi ukiachwa upumue. Ni onyo kwa sababu ujenzi huo usiokoma wahitaji protini, vitamini A na madini ya zinki kila siku. Mtoto anayeishi kwa uji mtupu hana vifaa vya kutosha vya kujengea ukuta huo.

Maradhi yasiyo na dalili

Kuharisha ni kengele ambayo kila mzazi huisikia. Tatizo ni kwamba viini vingi vinavyomezwa kila siku huwa haba mno kuweza kuigonga kengele hiyo. Mtoto humeza kidogo kutoka kwenye udongo, kidogo kutoka kwenye maji, na kidogo tena kutoka kwenye uji uliolala. Haharishi. Lakini askari wa utumbo hawapati likizo.

Vita hivyo visivyokwisha ndivyo huujeruhi ukuta. Vijidole hufupika na kuwa butu, na eneo la kunyonya chakula hupungua. Gundi inayoshikanisha seli hulegea na kuacha nyufa. Vipande vya bakteria hupenya kwenye nyufa hizo na kuingia katika damu, nao mwili huchemka kupambana navyo. Chakula ambacho kingejenga mifupa na ubongo hutumika vitani, huku homoni za ukuaji zikishindwa kufanya kazi ipasavyo. Mtoto hula, lakini sehemu ya anachokula haimfikii, na nyingine humfikia ikateketea bure.

Madaktari huiita hali hii maradhi ya utumbo yatokanayo na mazingira. Si ugunduzi wa jana. Mnamo 1966 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vijana wa Marekani waliokuwa wametumwa Pakistan kufanya kazi za kujitolea. Vijana hao walikuwa wamekwenda huko wakiwa na afya nzuri, lakini baada ya kuishi huko kwa muda, utando wa utumbo wa wengi wao ulikuwa umebadilika na kufanana na wa wenyeji. Waliporejea kwao, utumbo ulianza kupona. Nchini Zambia, watafiti wa jijini Lusaka wamekuwa wakiwachunguza watu wazima katika mitaa ya mabanda kwa zaidi ya miaka 20, na kugundua kuwa mabadiliko kama hayo ni ya kawaida mno miongoni mwao.

Funzo la tafiti hizo ni moja: hali hii haitokani na ukoo, kabila wala rangi ya ngozi. Hutokana na mahali mtu anapoishi, maji anayokunywa na uchafu unaomzunguka.

Kuitambua si rahisi. Njia mojawapo inayotumiwa na watafiti ni kumpa mtoto kinywaji chenye aina mbili za sukari, manitoli na laktulosi, kisha kukusanya mkojo wake kwa saa kadhaa. Manitoli ni ndogo nayo hupenya kwenye utumbo wenye afya bila shida. Laktulosi ni kubwa na haipaswi kupita. Ikiwa manitoli ni kidogo kwenye mkojo, vijidole vimepunguza kazi. Ikiwa laktulosi ni nyingi, ukuta una nyufa. Hata hivyo, kipimo hiki ni cha utafiti na hakipatikani katika zahanati za kawaida. Isitoshe, hakuna kidonge kilichothibitishwa kuwa kinatibu hali hii. Ndiyo maana kinga ina uzito mkubwa hapa.

Jaribio la Bungoma, Kakamega na Vihiga

Iwapo uchafu ndio adui, ilionekana dhahiri kwamba kuuondoa kungewawezesha watoto kukua. Ili kulithibitisha wazo hilo, kati ya Novemba 2012 na Mei 2014 watafiti waliwasajili zaidi ya akina mama wajawazito 8,200 katika vijiji vya kaunti hizo tatu, kisha wakawafuata watoto wao hadi walipofika umri wa takriban miaka miwili. Kazi hiyo ilihusisha shirika la Innovations for Poverty Action, Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini (KEMRI) na vyuo vikuu vya Marekani.

Vijiji viligawanywa kwa kura katika makundi. Baadhi vilipewa mitungi ya klorini iliyosimikwa kwenye chemichemi na visima. Vingine viliboreshewa vyoo vya shimo kwa kuwekewa sakafu ya plastiki yenye kifuniko, pamoja na sufuria za watoto za kujisaidia na koleo la kuzolea kinyesi. Vingine vilipewa vituo vya kunawia mikono kwa sabuni. Kundi jingine lilipewa lishe: ushauri kuhusu unyonyeshaji na vyakula, na pakiti ndogo za mchanganyiko wa karanga, maziwa, mafuta, vitamini na madini kwa watoto wa kati ya miezi 6 na 24. Yalikuwapo pia makundi yaliyopata huduma zote kwa pamoja, na mengine ambayo hayakupewa chochote kati ya hivyo ili yatumike kulinganishia.

Matokeo yalipochapishwa mwaka 2018 yaliwashangaza wengi. Watoto waliopewa lishe walirefuka kidogo kuliko wenzao. Lakini klorini, vyoo na sabuni, vikiwa peke yake au vikiunganishwa, havikuongeza urefu wa watoto hata kidogo. Wala kiwango cha kuharisha hakikupungua. Majaribio mengine mawili ya aina hiyo, nchini Bangladesh na Zimbabwe, nayo yalionyesha kuwa usafi wa kiwango hicho hauongezi kimo, ijapokuwa Bangladesh kuharisha kulipungua.

Je, hii ina maana kwamba choo na sabuni ni kazi bure? La hasha. Uchunguzi wa kinyesi cha watoto wale wale wa magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa maambukizi ya minyoo ya mviringo yalipungua kwa takriban moja ya sita hadi zaidi ya moja ya tano katika vijiji vilivyotibiwa maji au kupewa huduma zote za usafi. Hiyo si faida ndogo mahali ambapo zaidi ya mtoto mmoja kati ya watano alikuwa na minyoo hiyo.

Maelezo ya wataalamu ni kwamba hatua zilizochukuliwa zilikuwa sahihi lakini zilikuwa ndogo kuliko ukubwa wa tatizo. Matumizi ya klorini yalipungua kadiri muda ulivyosonga. Maji yaliendelea kuchotwa mbali na kubebwa kwa mitungi. Na hata boma lenye choo safi lilibaki na ua ule ule wa udongo. Mwaka huo huo wa 2019, kundi la wataalamu wa kimataifa lilitoa kauli ya pamoja kwamba kinachohitajika ni usafi wa kiwango cha juu zaidi, utakaoondoa kabisa uchafu katika mazingira ya mtoto, badala ya hatua za gharama nafuu zinazoachiwa familia pekee.

Kauli hiyo ina uzito kwa mama wa Kanduyi. Inamwondolea lawama ambayo mara nyingi hubebeshwa, kwamba mtoto amedumaa kwa sababu yeye ni mzembe. Mama aweza kunawa mikono na kuchemsha maji, na bado ukuta wa utumbo wa mwanawe ukaumia, kwa kuwa bomba la maji safi, sakafu ya saruji na uondoaji wa majitaka ni mambo yanayozidi uwezo wa mtu mmoja. Hayo ni wajibu wa serikali ya kaunti na ya kitaifa.

Kuku na ndama uani

Jambo ambalo mpango wa vyoo hauwezi kulimaliza ni kinyesi cha mifugo. Kwa Wabukusu, kama ilivyo kwa jamii nyingi za magharibi mwa Kenya, kuku ni heshima ya mgeni, ni akiba ya karo na ni kitoweo cha sherehe. Mara nyingi hulala ndani ya nyumba au jikoni kwa kuogopa wezi na wanyama wanaowala.

Kuku hao hao hubeba bakteria aitwaye Kampilobakta, ambaye hushambulia utumbo. Uchunguzi uliofanywa vijijini Zimbabwe uliwaona watoto wanaotambaa wakila udongo na hata kinyesi cha kuku wakiwa wanacheza. Ndama nao hubeba kijidudu cha kriptosporidia. Katika utafiti mkubwa wa nchi saba za Afrika na Asia uliofanyika kati ya 2007 na 2011, ukihusisha pia eneo la Siaya, kijidudu hicho kilitajwa kuwa miongoni mwa visababishi vikuu vya kuharisha vibaya kwa watoto wachanga. Klorini inayotumiwa nyumbani haikiui. Kuchemsha maji hukiua.

Hakuna mtaalamu anayewataka wakulima waache kufuga. Mayai na maziwa ni kati ya vyakula bora kwa mtoto huyo huyo. Kinachopendekezwa ni kutenganisha: banda la kuku lililo mbali na jiko, na mahali palipozungushiwa uzio ambapo mtoto atachezea juu ya mkeka unaofuliwa mara kwa mara.

Wavamizi wanaojulikana

Mbali na maradhi hayo ya kimyakimya, wapo maadui wanaoushambulia utumbo waziwazi. Virusi vya rota huua seli za vilele vya vijidole, na ndiyo sababu mtoto huharisha maji mfululizo. Kenya iliingiza chanjo dhidi ya virusi hivyo katika ratiba ya kitaifa mnamo Julai 2014, na dozi ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na umri wa wiki sita.

Amiba huchimba vidonda katika utumbo mpana na kusababisha kuhara damu. Minyoo ya safura hujing'ang'aniza kwenye utando na kunyonya damu, hivyo kuleta upungufu wa damu. Homa ya matumbo huvamia tezi zilizo ndani ya ukuta wa utumbo mwembamba, na isipotibiwa mapema yaweza kuutoboa. Julai 2025 serikali ilianza kutoa chanjo mpya ya homa hiyo kwa watoto wa kuanzia miezi tisa hadi miaka 14.

Mahindi yaliyoota ukungu ni hatari nyingine, hasa katika ukanda huu wa Bungoma na Kitale unaotegemewa kwa nafaka. Mwaka 2004, sumu ya aflatoksini iliwaua watu 125 katika maeneo ya Ukambani na karibu yake. Sumu hiyo hushambulia ini. Lakini kuvu wa jamii ya Fusarium, ambao wamepatikana katika mahindi ya magharibi mwa Kenya, hutoa sumu nyingine iitwayo fumonisini, ambayo katika majaribio ya wanyama imeonekana kuudhoofisha utando wa utumbo. Mahindi yanapaswa kukaushwa hadi unyevu usizidi asilimia 13.5 kabla ya kuhifadhiwa. Yaliyooza si salama kwa uji, kwa kuku wala kwa pombe.

Madhara yanayonunuliwa

Kwa watu wazima, madhara mengine hununuliwa kwa pesa. Mkata miwa wa Bukembe anayeumwa mgongo hupita dukani jioni akanunua vidonge viwili vya kutuliza maumivu, na kesho vingine viwili. Dawa kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki hutuliza maumivu kwa kuzima kemikali fulani mwilini. Kemikali hiyo hiyo ndiyo huusaidia utumbo na tumbo kutengeneza ute wa kujikinga. Zikimezwa kila siku, hasa bila chakula au pamoja na pombe, huweza kuleta vidonda na kuvuja damu. Hata hivyo, mgonjwa aliyeandikiwa aspirini na daktari kwa ajili ya moyo asiiache bila kumwuliza.

Pombe kali kama chang'aa huua seli za utando na kulegeza gundi inayozishikanisha. Dawa za kuua bakteria nazo, zinaponunuliwa ovyo kila tumbo linapouma, huwaangamiza bakteria rafiki walio katika utumbo mpana. Bakteria hao huchachusha nyuzinyuzi za mboga, maharagwe na wimbi, na kutengeneza asidi ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za utumbo huo.

Vilevile, wachuuzi wa masokoni hunadi dawa za kusafisha tumbo. Utumbo unaojibadilishia utando wake kila baada ya siku chache hauhitaji kuoshwa. Dawa kali za kuharisha humpotezea mtu maji na chumvi, na kwa mtoto zaweza kuua.

Yanayowezekana nyumbani

Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza, bila maji wala uji. Maziwa hayo hayana uchafu wa nje, yana kingamwili zinazoupaka utumbo, na huwalisha bakteria rafiki. Baada ya hapo aendelee kunyonya hadi miaka miwili au zaidi huku akiongezewa vyakula mchanganyiko. Yai, omena iliyosagwa, maharagwe, karanga, na mboga kama murere, saga na kunde vina vifaa vya kujengea ukuta ambavyo uji wa mahindi pekee hauna.

Maji ya kunywa yatibiwe kwa klorini au yachemshwe hadi yatokote, kisha yawekwe katika chombo chenye mdomo mwembamba au bomba ili mikono isitumbukizwe. Uji uliolala usipewe mtoto. Kinyesi cha mtoto kitupwe chooni, kwa maana dhana kwamba hakina madhara si kweli. Mikono inawiwe kwa sabuni kabla ya kumlisha mtoto na baada ya kutoka chooni au kushika mifugo. Kibuyu chirizi na kipande cha sabuni vyatosha.

Mtoto anapoharisha, apewe maji yenye mchanganyiko wa chumvi na sukari ujulikanao kama ORS, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Sukari iliyomo hufungua mlango maalumu kwenye seli, nayo chumvi na maji huingia nayo, hata utumbo unapokuwa mgonjwa. Zinki husaidia kujenga upya seli zilizokufa. Asinyimwe chakula wala titi, kwa kuwa utumbo usiolishwa huchelewa kupona.

Zipo dalili ambazo hazipaswi kusubiri: damu kwenye kinyesi au kinyesi cheusi kama lami, kuharisha kwa siku 14 au zaidi, kutapika kila kitu, macho yaliyobonyea, mtoto kulegea au kushindwa kunyonya, na mtu mzima kukonda bila sababu. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitalini mara moja.

Dirisha la miaka miwili

Takwimu za kitaifa zinatia moyo. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa asilimia 26 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa. Ule wa 2022 ulionyesha asilimia 18. Lakini hiyo bado ni karibu mtoto mmoja kati ya kila watano au sita, na kudumaa hakuishii kwenye kimo. Mtoto aliyedumaa kabla ya kutimiza miaka miwili huwa katika hatari kubwa zaidi ya kutofanya vyema darasani, na ni vigumu sana kuifidia hasara hiyo baadaye.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika utumbo wa mtoto, ufa huo hauonekani kwa macho na hautoi sauti. Huonekana tu siku ya kliniki, katika alama ndogo iliyotiwa chini ya mstari. Kwa sababu hiyo mtoto anapaswa kupimwa urefu na uzani kila mwezi hata anapoonekana mzima, na mzazi amwulize mhudumu alama hiyo inasema nini. Nao waliopewa dhamana ya maji na vyoo katika kaunti wanapaswa kuitazama alama hiyo hiyo kama ripoti ya kazi yao.